Bustani inaanzia kwenye bakuli la mtoto: namna ya kulima karibu na jiko ili dogo ale kweli

Nianze na kitu ambacho kinaudhi watu. Unaweza kuingia nyumba ya kijijini ukakuta bustani imependeza, matuta yamenyooka, mboga zimestawi, alafu mtoto wa mwaka na nusu kakaa pembeni anakunywa uji mweupe mwepesi kama maji ya kunawa. Mboga nzuri zimeenda sokoni, zilizobaki zimepikwa za wakubwa, mtoto kachovyewa mchuzi kidogo juu ya wanga basi kashiba, yaani bustani ipo ila mtoto hayumo.

Sisemi kwa kuwacheka, mi mwenyewe nilifanya hivohivo. Mwaka wa kwanza nilipanda kabichi eneo zima kwa sababu kabichi inaonekana, ukipita unajiona mkulima. Zikakomaa zote wiki moja, tukala mpaka tukachoka, nyingine nikagawa, nyingine zikaoza, na miezi miwili mbele hakuna hata jani. Na kabichi yenyewe vitamini C inayo lakini vitamini A karibu hamna, kwa hiyo hata tulipokuwa tunakula mtoto alikuwa hapati kile alichokuwa anakosa. Ndo maana naandika hii kitu kinyumenyume: tunaanza na bakuli la mtoto, alafu ndo tunarudi nyuma kuuliza tupande nini.

Bakuli kwanza, jembe baadaye

Mpaka miezi 6 mtoto ananyonya tu, hata maji hapewi. Kipindi hicho bustani ni ya mama, anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi na cha aina nyingi, na bado kuna watu wanamnyima mzazi hiki na kile eti mila. Akitimiza miezi 6 maziwa peke yake hayatoshi tena, hasa kwa madini ya chuma, maana akiba aliyotoka nayo tumboni inakuwa inaelekea kuisha muda huohuo. Anaanza chakula huku anaendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Kuanzia hapo mpaka miezi 23 ndo dirisha ambalo watoto wengi wanadumaa, na udumavu ukishapita miaka 2 kuurudisha nyuma ni kazi ngumu sana.

Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF wanapima mlo wa mtoto wa umri huo kwa makundi 8: maziwa ya mama, nafaka na mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde na karanga na mbegu, maziwa ya wanyama na vitu vyake, nyama na samaki na maini, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, na mwisho mboga na matunda mengine. Mtoto akipata angalau makundi 5 kwa siku anahesabika mlo wake una mchanganyiko wa kutosha.

Sasa hapa watu wanajidanganya. Mtu anakwambia mwanangu amekula mchicha, karoti, boga na papai, makundi manne hayo. Hapana, hilo ni kundi moja! Vyote vinaingia kwenye vitamini A. Unajuaje? Kwa haraka angalia rangi, majani ya kijani kilichokolea, na chochote chenye rangi ya chungwa au njano iliyoiva kwa ndani. Nyanya, vitunguu, chungwa, parachichi, ndizi mbivu vinaenda kwenye lile kundi la "mengine". Ndio, chungwa lenyewe halimo kwenye la rangi ya chungwa, mi sikuweka hizo sheria.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji jembe. Chukua karatasi uandike kila kitu mtoto alichokula jana kuanzia alfajiri mpaka alipolala, bila kupendezesha, alafu hesabu makundi. Nyumba nyingi utakuta 2 au 3, maziwa ya mama na wanga na mchuzi wa kitu fulani. Pale palipo wazi ndo panakwambia upande nini. Na andika pembeni ni miezi gani ya mwaka ndani huwa hamna mboga kabisa, maana bustani inayotoa wakati kila mtu anazo haina faida kubwa kama ile inayotoa wakati wa ukame.

Mahali, na usianze na eneo kubwa

Weka bustani mahali ambapo anayepika anaiona akiwa jikoni, basi. Ikiwa mbali ukishabandika sufuria huendi tena kuchuma majani, utapika ulichonacho. Jua lifike angalau masaa 6, isiwe chini ya mti mkubwa wala chini ya choo kwenye mteremko.

Anza na matuta mawili, upana mita 1, urefu mita 3 hivi. Upana usizidi hapo kwa sababu unatakiwa ufikie katikati kwa mkono kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo, udongo ukikanyagwa unashikana na mizizi inapata tabu. Uzio uweke KABLA ya kupanda. Kila mtu anasema ntaweka baadae alafu mbuzi wanapita siku moja tu mchana na habari inaishia hapo.

Chimba kina cha sentimita 30 hivi, changanya samadi au mboji iliyooza vizuri, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita moja au mbili za mraba inatosha kuanzia. Nimesema iliyooza. Samadi mbichi inaunguza miche, na kubwa zaidi ina vimelea, tena hapa tunalimia mtoto, iache ikae miezi 3 au 4 kwanza. Mboji sio sayansi ngumu: majani makavu, majani mabichi, maganda ya jikoni, samadi kidogo, majivu kidogo, maji yawe ya unyevu tu sio ya kuchuruzika, geuza kila wiki mbili, miezi miwili mitatu inakuwa nyeusi na inanuka udongo. Ikinuka kuoza umeweka maji mengi.

Cha kupanda

Usipande kwa kupenda, panda kwa nafasi kwenye bakuli. Mi nagawa hivi: majani ya haraka, kitu cha rangi ya chungwa, jamii ya kunde, na mti mmoja au miwili ya matunda.

Majani ya haraka ni mchicha, unachuma wiki 3 au 4 tu baada ya kusia. Kosa la wengi ni kusia tuta zima siku moja. Sia mstari mmoja leo, mwingine baada ya wiki mbili, na mwingine tena, ili kila wiki kuwe na kitu cha kuchuma. Weka na kitu kinachodumu pia, mboga ya kuchuma majani ya chini huku juu inaendelea kukua, na mlonge ukiuweka kwenye kona ya uzio unakata matawi na unachipua tena, hata wakati wa ukame una majani.

Rangi ya chungwa: hapa ngoja nikae kidogo kwa sababu ndo penye faida kubwa kuliko pote. Viazi lishe, vile viazi vitamu ambavyo ndani ni rangi ya chungwa. Vile vyeupe vinashibisha ila vitamini A hamna kitu. Kiazi lishe kimoja kidogo, gramu 100 mpaka 125 hivi, kinaweza kumpa mtoto mdogo vitamini A yake ya siku. Mwaka 2016 tuzo ya World Food Prize ilienda kwa watu wanne, na watatu kati yao, Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low, walipewa kwa kazi ya hivi viazi: kuzalisha mbegu zinazovumilia mazingira ya Afrika na kuonyesha kwamba watoto wakivila vitamini A inapanda kwenye damu. Na vina utamu wa asili, mtoto hakatai, halafu majani yake, matembele, nayo ni mboga, kwa hiyo mmea mmoja unakulisha juu na chini. Usikomoe tu, ukichuma majani mengi sana viazi chini vinakuwa vidogo.

Unapanda marando, vipande vya sentimita 30 hivi, vya ncha ndo bora kuliko vya kwenye shina la zamani, unafukia theluthi mbili, kipande mpaka kipande sentimita 30, juu ya tuta lililoinuka. Miezi 3 mpaka 5 unavuna kutegemea na mbegu. Shida kubwa ya viazi lishe ni mbegu kufa kiangazi, mvua inarudi wewe huna rando hata moja. Njia mbili: panda marando machache pale maji ya kuogea yanapomwagikia, yanakaa hai mwaka mzima, au wakati wa kuvuna chagua viazi vidogo visivyo na kidonda wala mdudu, vipange ndani ya mchanga mkavu kwenye beseni au ndoo, visigusane, weka ndani kwenye ubaridi. Wiki 6 mpaka 8 kabla ya mvua uvipande kwenye kitalu umwagilie, vitakutolea marando ya kutosha mvua ikianza. Mi nilipoteza mbegu misimu miwili kabla ya kujifunza hii.

Boga nalo usilidharau, unakula majani, unakula boga lenyewe, na mbegu unakausha unasaga unatia kwenye uji. Na linatunzika ndani miezi kadhaa bila friji kama halijakatwa na limebaki na kikonyo chake.

Jamii ya kunde, mi naipa kunde zenyewe kura. Majani unachuma wiki ya 3 au 4, alafu mbegu zinakuja miezi miwili mitatu, na zinavumilia jua kuliko maharage. Ziweke kati ya vitu vingine, zinarutubisha udongo pia.

Papai, weka miche 3 kwenye shimo moja, maana mengine huwa madume na huwezi kujua mpaka yatoe maua, likitoa maua ng'oa madume acha jike moja lenye afya (ila kwenye eneo zima bakiza angalau dume moja). Mwaka haujaisha vizuri unakula. Embe na parachichi zina subira ndefu lakini panda tu, mtoto wa pili atakuta.

Wadudu: pita asubuhi uokote kwa mkono, nyunyiza majivu, maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha yanasaidia kwa wadudu wengi laini. Kama umelazimika kutumia dawa ya dukani soma lebo ina siku ngapi za kusubiri kabla ya kuchuma na uzihesabu kweli, na isiwekwe kwenye chupa ya soda, nawaomba, watoto wanakunywa.

Maji kidogo, kiangazi kirefu

Kama maji ni ya kubeba kichwani usidanganyike na bustani kubwa. Tandaza nyasi kavu kwenye matuta unene wa vidole vinne, utaona unamwagilia nusu ya ulivyokuwa unamwagilia. Mwagilia asubuhi mapema au jioni. Maji ya kuoshea vyombo na kufulia yanafaa kama sabuni sio kali, mwaga kwenye udongo sio kwenye majani, na usitumie kwenye kitu kinacholiwa kibichi. Maji yaliyofuliwa nepi yasiguse bustani kabisa.

Unaweza pia kulima kwenye gunia la udongo lililosimamishwa: weka katikati nguzo ya kokoto tangu chini mpaka juu (tumia kopo lisilo na kitako, unajaza kokoto ndani na udongo wenye mboji nje, unalivuta juu, unajaza tena), toboa matundu pembeni upande miche. Maji unamwaga kwenye kokoto yanafika mpaka chini. Kuna na ile bustani ya duara iliyoenea sana kutoka Lesotho, kipenyo mita 2 hivi, imezungushiwa mawe, ina kinjia cha kuingilia kama keki iliyokatwa kipande kimoja, na katikati kapu la fito ambalo unatupia maganda ya jikoni na maji ya kuoshea vyombo, rutuba inashuka yenyewe kwenye udongo. Ni nzuri kwa mzee au mama mjamzito kwa sababu hainami. Ila kuijenga inataka mawe na watu, siku moja ya kusaidiana.

Majani yakiwa mengi wakati wa mvua kausha. Chemsha dakika moja au mbili, chuja, tandaza kwenye KIVULI chenye upepo, sio juani maana jua linaua vitamini A, yakikauka ponda weka kwenye chombo kinachofunga. Mwezi wa shida kijiko cha unga huo kwenye mboga au uji ni kitu.

Kuku, na kitu ambacho hakisemwi

Hapa lazima niseme ukweli, bustani ya mboga peke yake haimalizi shida. Majani yana madini ya chuma lakini mwili unanyonya kidogo sana, na mtoto wa miezi 8 angehitaji kula rundo la majani ambalo tumbo lake halibebi. Ukiweza kuunganisha bustani na kuku wachache, au samaki, au sungura, bakuli linabadilika kabisa. Dagaa waliosagwa kijiko kimoja kwenye chakula, ini kipande kidogo mara moja kwa wiki, ndo vinavyoleta chuma cha kweli.

Yai je? Kule Ecuador watoto wa miezi 6 mpaka 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi 6 na udumavu ukapungua sana, watu wakafurahi, jaribio kama hilo likafanyika Malawi na tofauti ya urefu haikuonekana kwa ujumla, inawezekana kwa sababu watoto wa kule tayari walikuwa wanakula samaki. Kwa hiyo yai sio uchawi, linasaidia zaidi pale ambapo hamna kingine cha nyama. Lakini bado ni chakula kizuri mno na linaiva kwa dakika kumi, lipike likaze.

Ila kuku wawe bandani. Mtoto anayetambaa anaokota kila kitu anaweka mdomoni, na kinyesi cha kuku uani kinampa vimelea ambavyo hata asipoharisha vinauchosha utumbo taratibu, mpaka anakula vizuri na hakui, watu wanasema karogwa. Banda au wigo, na mkeka safi wa mtoto peke yake. Kinyesi cha bandani kinaenda kwenye mboji, kila mtu kafaidika.

Kutoka tutani mpaka mdomoni

Tumbo la mtoto linabeba kama ml 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 ni ml 240, hata kikombe cha ml 250 hakijai. Sasa ukimjaza uji mwepesi ambao karibu wote ni maji kashiba kweli, lakini kashiba maji. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko usianguke haraka. Na usiwe mweupe. Kila bakuli liwe na vitu vinne: wanga, kitu cha kunde au cha nyama, kitu cha rangi, na mafuta kijiko kidogo. Mafuta sio anasa, vitamini A bila mafuta mwili hauinyonyi vizuri, karanga zilizosagwa au parachichi vinafanya kazi hiyohiyo.

Uji ukiwa mzito sana mtoto hawezi kumeza, hapo ndo kuna ujanja wa kimea. Loweka nafaka siku moja, iote siku mbili tatu, ikaushe, saga. Ukipika uji mzito ukapoa kidogo tia kijiko kidogo cha kimea ukoroge, utashangaa unalainika wenyewe bila kuongeza maji, alafu rudisha motoni uchemke tena. Ukiotesha mtama sugua utoe vichipukizi na mizizi yote kabla ya kusaga maana vina sumu.

Kiasi kwa mtoto anayenyonya: miezi 6 mpaka 8 mara 2 au 3 kwa siku, anza na vijiko vikubwa 2 au 3 ukipanda taratibu mpaka nusu kikombe. Miezi 9 mpaka 11 nusu kikombe, mara 3 au 4. Mwaka 1 mpaka 2 robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, mara 3 au 4, na kitafunwa kati kati, kipande cha papai au kiazi. Asiyenyonya tena anahitaji milo zaidi na maziwa. Mwanzo kila kitu kipondwe laini, kadri meno yanavyokuja acha vibonge vidogo, mwaka mmoja ale wanachokula wote kikiwa kimekatwakatwa.

Mboga osha kwanza ndo ukate, ukikata ukaosha vitamini zinaondoka na maji. Maji machache, dakika chache, funika, na supu yake usimwage. Kisamvu ndo tofauti, kitwangwe na kichemshwe muda mrefu bila mfuniko maana kibichi kina sumu. Maharage loweka usiku, mwaga hayo maji, pika mpaka yalainike kabisa, ponda, kwa mdogo sana chuja maganda. Kitu cha vitamini C kwenye mlo huohuo, nyanya, chungwa, pera, kinasaidia chuma cha kwenye maharage kunyonywa. Chai inafanya kinyume, inazuia, na mtoto mdogo chai ya nini jamani.

Asali hapana kabla ya mwaka 1. Chumvi na sukari hazihitajiki. Karanga nzima hapana, zinakaba, zisagwe. Na karanga au mahindi yenye ukungu yasiende kwa mtoto wala kwa kuku, sumukuvu haifi kwa kupika, kuchagua nzuri nzuri za kuuza na kubaki na mbovu za uji ndo kosa ambalo linafanyika kila siku.

Mpe bakuli lake. Akila sahani moja na kaka zake wenye mikono mirefu hutajua kala nini. Kaa naye, usimkabe, ongea naye, akikataa kitu kipya kesho jaribu tena kidogo, wengine wanakubali mara ya 8 au ya 10. Na mikono kwa sabuni, yako na yake, kila mara.

Nani anachuma, nani anauza

Hapa ndo bustani nyingi zinafia. Mama anabeba maji, anapalilia, anapika, anabeba na mtoto mgongoni, alafu tunamwambia aongeze bustani. Kama baba na vijana wakubwa hawachukui uzio na maji, usianzishe, utaongeza uchovu tu na mtoto ndo atapunguziwa muda wa kulishwa. Mkae kikao cha dakika kumi mgawane.

Kuuza sio dhambi. Weka utaratibu tu: tuta la mtoto haliuzwi. Sisi tulichagua tuta la karibu kabisa na mlango wa jiko, kila mtu anajua pale hapaguswi na mnunuzi, ya matuta mengine yakizidi yauzwe, na pesa inunue vile ambavyo bustani haitoi, dagaa, mafuta. Mayai pia, wiki ikiisha yanagawanywa kabla hayajaenda sokoni.

Unajuaje inafanya kazi

Mpeleke kliniki kila mwezi apimwe, uangalie mstari kwenye kadi, ukilala miezi miwili mfululizo uliza kwanini usisubiri. Ule utepe wa kupima mkono wa juu ni wa watoto wa miezi 6 mpaka 59, mhudumu wa afya anaweza kukufundisha: chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo, chini ya 11.5 ni mkali na ni safari ya kituo cha afya leoleo. Akivimba miguu yote miwili, ukibonyeza panabaki shimo, hata kama mkono unaonekana mnene, nenda pia leoleo, huyo hatibiwi na bustani.

Kwa yule ambaye ni mzima, chukua ile karatasi ya mwanzo. Miezi miwili baada ya mchicha wa kwanza andika tena alichokula jana, hesabu makundi, uweke karatasi mbili pamoja. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa na 2, ya pili 4, nikahangaika nayo sana mpaka nikagundua la 5 lilikuwa limelala kwenye kiota nyuma ya nyumba, na kila Jumamosi tulikuwa tunalipeleka sokoni kwenye kapu.